Gita, kisanji na chupa: kuanzisha bendi ya wanawake ya nyimbo za kuchekesha Lubumbashi

Mtu akisikia wanawake wanataka kuanzisha bendi ya nyimbo za kuchekesha, hudhani kazi kubwa ni kutafuta vichekesho. Vichekesho Lubumbashi havitafutwi. Simama kidogo kwenye foleni ya taxibus pale komini ya Kenya, hapa hapa mjini, utarudi navyo nyumbani. Kazi kubwa ni muziki. Kichekesho mtu hukicheka mara ya kwanza, mara ya pili hutabasamu, mara ya tatu anaanza kusikiliza kama chini yake kuna gita tamu na sauti zinazopatana. Asipovikuta, wimbo umekwisha. Karibu kila shauri nitakalotoa hapa linarudi palepale: tengenezeni wimbo ambao hata mtu asiyeelewa maneno angeupenda, ndipo mwingize kichekesho ndani yake.

Mimi napiga gita na kuimba katika kundi la wanawake wanne, huku komini ya Katuba. Hatuna produkta, hatuna bosi, na mchana nashona nguo. Wadada hunifuata kwenye cherehani wakiuliza waanzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kila mwanamke ashike chombo

Kabla ya jina, kabla ya sare, kabla ya picha, amueni nani anapiga nini. Kwetu Kongo mwanamke wa orkesta amezoea kuwekwa mbele aimbe au acheze, wanaume wakae nyuma na magita. Tshala Muana, mzaliwa wa mji huu huu, mwaka 1958, alianza kama mchezaji dansi Kinshasa kabla bara zima halijamjua kwa sauti yake na mutuashi, muziki wa dansi wa Waluba wa Kasai. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa huo. Lakini huko Gine, tangu 1961, wanawake wa jandarma waliunda Les Amazones de Guinée, na vyombo wakavipiga wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia besi ni nzito kwa vidole vya mwanamke, una jibu lenye zaidi ya miaka sitini.

Msiazime mpiga gita mwanaume «kwa muda tu». Nyimbo zitafuata vidole vyake, mazoezi yatafuata nafasi yake, na siku akipata orkesta inayolipa zaidi mtabaki na sauti tupu. Ni heri mwanzo wa polepole ulio wenu.

Kwa gita, acheni kwanza kukimbilia solo za Kinshasa. Sisi watu wa Katanga tuna shule yetu. Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville: gita moja, sauti moja, na ukisikiliza unaapa kuna watu wawili. Edouard Masengo na Losta Abelo ni wa ukoo huohuo wa muziki. Gita la namna hii linafaa nyimbo za kuchekesha kuliko lingine lolote, kwa sababu linaacha nafasi. Maneno yanasikika. Halishindani na mwimbaji.

Namna ya kujifunza ni hii. Shika akodi za do, fa na sol, usiongeze kitu. Gumba lipige nyuzi nene, moja kisha nyingine, bila kusimama, kama mtu anayetembea kwenda sokoni bila haraka. Kidole cha shahada kiimbe melodi kwenye nyuzi nyembamba. Vidole hivi viwili tu. Gumba likizoea, mwambie mtu wa nyumbani akuulize jambo: unga umebaki kiasi gani, mtoto ameenda wapi. Umjibu sentensi nzima huku gumba linaendelea. Ukiweza kujibu bila gumba kuyumba, uko tayari kupanda jukwaani, maana huko utaongea na watu wakati unapiga. Usipoweza, punguza mwendo urudie. Hili zoezi dogo limetusaidia kuliko somo lolote la akodi.

Chombo cha pili ninachokipenda ni kisanji, kile cha ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Kina sauti ya zamani na sauti ya mchezo kwa pamoja, na wazee wakikisikia wanasogeza viti. Lakini kisanji kina ubishi wake: ulimi wa chuma unaupandisha sauti kwa kuusukuma ndani uwe mfupi, unaishusha kwa kuuvuta nje uwe mrefu, na ukigusa mmoja jirani yake naye anasogea. Kwa hiyo gita ndilo lifuate kisanji. Tafuteni sauti ya ulimi wa katikati, lingana nayo kwenye gita, wekeni kapodasta, kile kibanio cha shingo ya gita, ikibidi, kisha kisanji msikiguse tena jioni hiyo. Na zile pete za waya zinazokwaruza chini ya ndimi, msizitoe mkidhani ni kelele. Kwenye maikrofoni mbovu huo mkwaruzo ndio unaofika mpaka watu wa nyuma.

Kisha chupa. Katika muziki wa gita wa Katanga chupa ya soda iligongwa tangu zamani, na ni bure. Chukueni chupa ya kioo, msumari mkubwa au mgongo wa kisu, mgonge begani mwa chupa, pale inapoanza kubana kuelekea shingo. Ukimimina maji ndani, sauti inashuka. Mimina kidogo kidogo mpaka chupa ilie sol wakati gita liko kwenye do, na hapo umepata ngoma inayoimba. Mpiga chupa wetu hubeba chupa mbili, ya bia ya Simba na ya soda, na mkanda wa gundi aliouzungushia kuonyesha maji yafike wapi, kwa sababu ukumbini hakuna muda wa kusikilizia. Bidoni ya njano ya lita 20 ikikaliwa na kupigwa kwa viganja inatosha kwa besi mpaka mtakapopata fedha ya gita la besi.

Sauti zitafuteni kwenye kwaya. Mji huu umelelewa na kwaya, tangu enzi za mtunzi Joseph Kiwele na misa yake, Missa Katanga, na karibu kila parokia ina wanawake wanaoweza kushika sauti ya pili bila kitabu. Jambo moja tu: waimbaji wa kwaya hupenda kuimba kwa nguvu. Nyimbo za kuchekesha zinataka sauti ya chini, ya mtu anayekusimulia siri ukiwa umekaa naye jikoni. Fanyeni mazoezi bila maikrofoni, mmekaa karibu mpaka magoti yanagusana, mkiimba kiasi cha kutomwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili.

Kuandika wimbo

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo makundi mengi yanapokwama. Wanaandika kuhusu «wanaume», kuhusu «maisha magumu», kuhusu «mapenzi ya pesa». Hakuna anayecheka jambo kubwa. Andikeni kitu kimoja mlichokiona kwa macho. Badala ya mume mwongo, andikeni mume aliyeaga mwezi wa Desemba anaenda kununua bowa barabara ya Kasumbalesa, akarudi mwezi wa Agosti, msitu umekauka, hakuna uyoga hata mmoja nchi nzima, na yeye mkononi ana mfuko wa bowa mbichi anakuambia foleni ilikuwa ndefu. Kila mtu wa Lubumbashi anajua bowa ni za mvua. Hamna haja ya kuongeza neno.

Nitawaonyesha ubeti wetu mmoja ulivyojengwa. Tunauimba kwa Kiswahili cha hapa hapa, kama tunavyoongea, na ninawasihi mfanye vivyo hivyo: Kiswahili cha vitabu kinafaa kwa mambo mengi, lakini mgomvi wa Katuba hagombani kwa Kiswahili cha vitabu.

*Shemeki alikuya siku mbili, kutupa tu mbote,*
*Alileta valizi, alileta matela, alileta na kuku.*
*Mwezi wa tatu, tuko ku meza, anauliza bwana yangu:*
*«Bale bageni ba mu chumba, banarudia kwabo lini?»*

Tazama mstari wa pili. Valizi, sanduku la safari, ni kawaida. Matela, yaani godoro, inatia wasiwasi. Kuku ndiye anayesema ukweli, kwa sababu mtu hasafiri na kuku wa kufuga kwa siku mbili. Kwa hiyo kuku yuko mwisho, na ndiye pekee tunayemwimba kwa sauti tatu pamoja. Valizi na matela anaziimba mmoja peke yake. Tukiwabadilisha nafasi, watu hawacheki. Tumejaribu mbele ya watoto wa avenue, na watoto hawadanganyi.

Mstari wa tatu chupa inanyamaza na bidoni inanyamaza. Linabaki gumba la gita. Masikio yanasogea karibu. Mstari wa nne unaimbwa na yule mwenye sauti laini kuliko wote, kwa adabu kabisa, bila kuigiza sauti ya mwanaume mkorofi. Kisha tunaacha nafasi tupu, mizunguko miwili ya gumba, hakuna anayeimba. Nafasi hiyo ni ya watu kucheka. Msipoiacha, watacheka juu ya maneno yanayofuata na watayakosa. Baada yake tunaingia wote na kiitikio, *Karibu shemeki, karibu tena*, kwa sauti tatu nzuri tunazoweza kuzitoa, kama za Krismasi. Na hapo kwenye kiitikio ndipo kicheko kikubwa kinapokuja, kwa sababu uzuri wa sauti haulingani kabisa na uchungu wa mwenye nyumba.

Rasimu ilikuwa na mstari wa tano uliosema kwamba wageni wenyewe ni sisi. Tukaukata. Msikilizaji akigundua mwenyewe, kicheko ni chake. Ukimweleza, ni chako, na hatakushukuru.

Jambo la mwisho kuhusu utunzi: wimbo mzima usiwe wa kuchekesha. Ubeti mmoja uwe wa kweli tupu. Katika wimbo huo wa shemeji, ubeti wa mwisho unasema anavyoamka mapema kabla ya wote kupeleka watoto shule, na watoto wanavyolia siku anapoondoka. Kila tunapoufikia, ukumbi unanyamaza. Bila ubeti huo tungekuwa tunamcheka mtu aliyekosa kazi, na mimi siwezi kusimama mbele ya watu kufanya hivyo.

Mbele ya watu

Msicheke wimbo wenu wenyewe. Hii ni sheria. Mtu anayecheka kabla ya wasikilizaji anawanyang'anya.

Kwa maneno ya katikati ya nyimbo, sisi wa Lubumbashi tuna walimu: kundi la Mufwankolo, lililochekesha mji huu kwa Kiswahili chake, redioni na kwenye televisheni, kwa miaka mingi. Hawakushika karatasi. Walikubaliana kisa, nani ni nani, kinaanzia wapi na kinaishia wapi, kisha wakacheza kwa maneno ya papo hapo. Fanyeni hivyo. Kubalianeni kabla: baada ya wimbo wa pili tunaongelea bei ya makaa ya kupikia, anaanza fulani, anamaliza fulani, na neno la mwisho ni hili, kwa sababu neno hilo ndilo linaloanzisha gita. Maneno mengine yote yaje yenyewe. Mkiyakariri, watu wanasikia kwamba yamekaririwa.

Nguo: vaeni kitenge chenye mifuko. Nasema kama mshonaji. Mnahitaji mahali pa kuweka msumari wa chupa, kapodasta na simu, na mwanamke anayeinama kutafuta vitu chini ya kiti anapoteza ukumbi.

Na kuna mambo hatuyagusi. Kabila hatuligusi, hata kwa mzaha wa upole, hata mtu akituomba na kutulipa. Mwaka 1992 na 1993 Katanga hii iliona familia za watu wa Kasai zikifukuzwa makwao, watu wakilala kwenye stesheni za treni Likasi na Kolwezi, na kabla ya hayo palikuwa na maneno, na mengi ya maneno hayo yalisemwa kwa kucheka. Miongoni mwetu wanne kuna Muluba wa Kasai na kuna Mubemba. Tunaimba pamoja kwa sababu tunaaminiana katika hili. Mwili wa mwanamke pia hatuuchekeshi: unene, ugumba, umri. Tumechekwa vya kutosha. Kila mnapoandika mzaha jiulizeni anayechekwa ana nguvu kiasi gani. Shemeji anayeomba wenye nyumba waondoke anaweza kubeba mzaha. Mama anayeuza ndagala juani hawezi.

Fedha, simu na usiku

Simu ya kwanza mtakayopokea itakuwa hivi. «Maman, tunataka wanawake watatu wa kucheza nyuma ya msanii wetu.» Mjibu kwa heshima: «Papa, asante kwa kutufikiria. Sisi tunakuja wanne, na vyombo vyetu.» Atasema basi njooni mwimbe nyimbo mbili, tutawapa chakula na nauli. Hapo usikate tamaa, wala usipandishe sauti: «Papa, nyimbo mbili na saa nzima bei yake ni moja, kwa sababu taxi ni ileile na mazoezi ni yaleyale. Chukua saa nzima.» Wengi huchukua saa nzima. Asiyechukua alikuwa hana fedha tangu mwanzo.

Daini nusu kabla, na makubaliano yaandikwe hata kama ni kwenye WhatsApp: siku, saa ya kuanza na kumaliza, maikrofoni ngapi, nani analipa gari la kurudi. Gari la kurudi liwe la dereva mnayemjua. Kwetu hili halina mjadala. Pasipo gari hakuna onyesho.

Fedha mkiipata, gawaneni usiku huohuo mbele ya wote. Sisi tunaigawa mafungu matano: moja kwa kila mtu, la tano ni la kundi, kwa nyuzi, betri na nauli ya mazoezi. Mnaojua likelemba, mchango wa kupokezana, mnajua kulinda fungu: mmoja anashika fedha, mwingine anashika daftari, na hawa wawili wasiwe ndugu.

Mwezi wa Machi kila ofisi inatafuta bendi ya wanawake, kwa sababu ya tarehe 8. Kubalini, kwa bei yenu kamili, na kila mnapopiga siku hiyo muulizeni mwenyeji swali moja kabla ya kuondoka: mwezi wa Juni mna shughuli gani? Kundi linaloitwa mara moja kwa mwaka haliishi. Nje ya hapo, tafuteni sherehe za kutoa mahari, ambako pande mbili za familia zimenuniana na zinahitaji sana kucheka, na kumbi ndogo ambako watu huja kusikiliza, kama Halle de l'Étoile. Baa zenye mpira kwenye televisheni ziacheni. Nyimbo hizi zinataka mtu anayesikia maneno.

Nyumbani pia panahitaji kazi. Msiende mazoezini kwa kujificha. Mimi nilimwalika mama mkwe aje akae nasi kwenye mazoezi. Alileta kiti chake. Tulipomaliza wimbo wa shemeji akasema, «Mwanangu, ule wa kuku murudie.» Tangu hapo mtu akiuliza jioni niko wapi, yeye ndiye anayejibu.

Kurekodi na kuandikisha

Kwa rekodi za kwanza simu inatosha, mkichagua chumba vizuri. Kile ninachohifadhia vitambaa ndicho bora kuliko vyote: vitambaa vinakula mwangwi. Simu iwe juu ya kiti katikati, kwenye kimo cha kifua, mpiga chupa akae mbali kuliko wote na mwimbaji akae karibu kuliko wote. Rekodini wimbo mzima kwa pamoja, msikate vipande. Ongezeni kopo la maji ya kunywa na subira, umeme ukikatika jenereta za majirani zikaanza.

Kabla ya kuusambaza wimbo, andikeni kwenye karatasi nani alitunga maneno na nani alitunga melodi, kwa asilimia, wote mtie sahihi. Fanyeni hivyo wakati mnapendana na wimbo haujaingiza hata franka moja. Sheria ya haki za watunzi ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la watunzi, SOCODA, lipo tangu 2011; jiandikisheni kila mmoja kwa jina lake, na kila wimbo kwa majina ya waliouandika. Tena, wimbo unaowacheka wakubwa usiende redioni bila karatasi ya ruhusa. Novemba 2021 Tume ya taifa ya kukagua nyimbo na maonyesho ilizuia nyimbo zilizokuwa midomoni mwa watu, kwa hoja kwamba hazikuwa na ruhusa yake. Zizingatieni gharama na muda wa ruhusa hiyo mnapopanga tarehe ya kutoa wimbo.

Mkiutoa, anzeni na kipande cha ubeti mmoja na kiitikio kwenye TikTok na kwenye vikundi vya WhatsApp vya parokia na avenue, wimbo kamili uwe YouTube siku hiyohiyo. Kila faili iwe na jina la kundi, jina la wimbo, majina ya watunzi na namba ya simu ya kundi, ambayo isiwe namba ya mume wa mtu.